VPN ya Ofisi Isitegemee Programu Iliyotelekezwa

Hotuba iliyotolewa Dodoma mbele ya maofisa TEHAMA, wahasibu na wakuu wa idara

Ndugu Mwenyekiti, wakuu wa idara, maofisa TEHAMA, wahasibu, mabibi na mabwana, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie usalama wa kazi zinazofanyika nje ya ofisi. Mada ni pana na muda ni wa kugawana, kwa hiyo nimechagua kipande kimoja. Naomba tuiangalie ile programu ambayo mtumishi anaifungua akiwa nyumbani, safarini au kwenye kituo cha mkoani. Anaandika jina lake na nywila, anasubiri alama ya kufuli ijifunge, ndipo anaingia kwenye mfumo wa mishahara, wa malipo au wa stoo. VPN, kama sote tunavyoiita: njia ya siri inayopita kwenye intaneti mpaka kwenye mtandao wa ofisi.

Katika ofisi nyingi ninazozijua, programu hiyo haikutoka kwa kampuni iliyotengeneza lango la VPN la ofisi, yaani kifaa cha ofisini kinachoipokea njia hiyo, wala haikuja na Windows. Imetengenezwa na watu wengine kabisa, na watu hao waliacha kuishughulikia zamani. Kila asubuhi inafunguka, inaunganisha, kazi zinakwenda, na kwa kuwa kazi zinakwenda hakuna anayeuliza. Mimi nimekuja kuuliza. Na niseme mapema ninakoelekea, ili msinisikilize kwa wasiwasi: sikuja kumlaumu mtumishi aliyeipakua. Aliyemfikisha hapo ni lango la ofisi, na lango linanunuliwa na taasisi, linatunzwa na taasisi, na taasisi ndiyo yenye uwezo wa kulibadilisha.

Turudi nyuma kidogo, maana wengi wenu mmeirithi hali hii bila kusimuliwa ilikotoka.

Miaka ya 2000 ofisi nyingi duniani zilitumia malango ya Cisco, na kila mtumishi aliwekewa programu iitwayo Cisco VPN Client. Pamoja nayo alipewa faili dogo linaloishia na .pcf, ambalo ndani yake mna anwani ya lango, jina la kundi na nywila ya kundi. Kwenye Windows XP mambo yalikwenda vizuri. Oktoba 2009 ikatoka Windows 7, na kompyuta mpya zikaanza kuuzwa kwa wingi zikiwa na Windows ya biti 64. Programu ya Cisco ilikuwa ya biti 32 tu. Toleo la biti 64 lilipokuja kupatikana mwaka 2010, watu walikuwa wamekwisha kujitafutia njia.

Njia waliyoipata wengi iliitwa Shrew Soft VPN Client. Ilikubali Windows ya biti 64, toleo lake la kawaida lilikuwa la bure, na ilisoma lile faili la .pcf moja kwa moja. Mtumishi alichagua faili, akaandika nywila yake, akaingia. Wa Linux, mfumo mwingine wa kompyuta, nao walikuwa na vpnc. Nataka nizitaje programu hizi kwa heshima. Waliozitengeneza walifanya kazi nzuri, waliwaokoa watu walioachwa njiani na kampuni kubwa, na hawatudai kitu wala sisi hatuwadai. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na watumishi wetu walifua kwa koleo walilolipata.

Lakini tazameni tarehe. Cisco ilitangaza mwaka 2011 kwamba programu yake ile inafikia mwisho, na Julai 2014 msaada wake ukakoma kabisa. Wateja wakatakiwa wahamie AnyConnect, ambayo siku hizi inaitwa Cisco Secure Client. Toleo la mwisho la Shrew Soft, 2.2.2, ni la mwaka 2013. Toleo la mwisho la vpnc, 0.5.3, ni la 2008. Tangu miaka hiyo Windows imebadilika, simu zimebadilika, mbinu za wahalifu zimebadilika, na programu hizo zimekaa vilevile.

Hapo ndipo taabu ilipoanza, na naomba niwaoneshe taabu yenyewe kwa karibu, kwa sababu kwenye taarifa za ofisi huandikwa kwa mstari mmoja tu: "changamoto ya VPN imetatuliwa".

Julai 2015 ikatoka Windows 10. Mhasibu wa kituo kimoja cha mkoani aliletewa laptopu mpya, akawekewa programu yake ya zamani ya Cisco, na alipojaribu kuunganisha akapata ujumbe wa namba 442, kwamba adapta ya mtandao imeshindikana kuwashwa. Ulikuwa mwisho wa mwezi. Akapiga simu makao makuu, na kijana wa TEHAMA, ambaye alikuwa ameutafuta ufumbuzi huo usiku uliotangulia, akaanza kumwelekeza.

"Shikamoo mama. Fungua pale pa kutafutia, andika regedit."

"Marahaba mwanangu. Inaniuliza kama niruhusu."

"Ruhusu. Sasa ingia CurrentControlSet, halafu Services, halafu utafute iliyoandikwa CVirtA."

"Mbona ziko nyingi namna hii?"

"Shuka taratibu mama, zimepangwa kwa alfabeti. Ukiipata, upande wa kulia kuna DisplayName. Ifungue, ufute kila kitu cha mwanzo mpaka kwenye nukta mkato. Yabaki yale maneno yanayoanza na Cisco Systems. Usifute kingine, tafadhali."

Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kumwekea draiva ya mtandao iliyokuja ndani ya programu ya VPN ya SonicWall, kampuni nyingine kabisa, kwa sababu bila draiva ile programu ya Cisco isingekubali kuwekwa kwenye Windows 10. Yaani programu ya kampuni moja iliyokwisha kuachwa, ikishikiliwa na kipande cha kampuni ya pili, juu ya mfumo wa kampuni ya tatu, huku mama wa watu akifuta maneno ndani ya rejista ya Windows, daftari la mipangilio ya mfumo mzima, akiwa na malipo ya watumishi mezani. Iliunganisha, mama akashukuru, malipo yakatoka. Novemba mwaka huohuo lilikuja sasisho kubwa la kwanza la Windows 10, likaiondoa programu ile kwenye kompyuta, na simu ikapigwa tena.

Kijana yule alikuwa hodari, na sisemi kingine juu yake. Ninachotaka mkione ni vitu alivyolazimika kuviachia ili programu ifanye kazi, maana programu ya zamani haikai peke yake. Inafungua njia kwa mambo mengine ambayo hakuna aliyeyaidhinisha.

Ili mhasibu aweze kugusa rejista, alipewa mamlaka ya juu ya kompyuta. Mamlaka hayo hayakurudishwa, na tangu siku hiyo kirusi chochote anachokibofya kina mamlaka hayohayo. Ili sasisho lisiondoe tena programu, masasisho yalizimwa "mpaka tumalize kufunga hesabu", na mnajua ahadi hizo huishia wapi. Ofisi nyingine ziliamua kuweka Windows 7 ndani ya Windows mpya, kwa ajili ya VPN tu. Windows 7 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Januari 2020. Na sasa Windows 10 nayo imefikia mwisho wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, watu wanahamia Windows 11, ambayo ina ulinzi wa kumbukumbu unaoweza kuzikataa draiva za zamani. Ushauri ulio rahisi kuupata mtandaoni ni uuzime ulinzi huo. Mtu aliye na kazi ya kumaliza usiku huu atauzima.

Kuna na suala la mahali programu yenyewe inakotoka. Mtengenezaji anapoacha kuitoa kwenye tovuti yake, faili linaendelea kuzunguka: kwenye flashi ya ofisa TEHAMA, kwenye kundi la WhatsApp la idara, kwenye tovuti za kupakua programu za bure ambazo hakuna anayejua mwenyewe ni nani. Mtumishi anaweka kwenye kompyuta ya ofisi programu inayoingia mpaka kwenye kiini cha mfumo na kupitisha nywila zake zote, na hana namna ya kujua kama ni ileile iliyotoka kwa mtengenezaji.

Sasa naomba mnivumilie niingie kwenye mazungumzo yanayofanyika kati ya programu na lango, kwa sababu hatari kubwa kuliko zote iko humo, na haionekani kwenye skrini.

Programu inapobisha hodi, pande mbili zinatumia utaratibu uitwao IKE ili kutambuana na kutengeneza funguo za kusimba mawasiliano. Utaratibu wa kwanza, IKEv1, ulichapishwa mwaka 1998. Programu za kizazi nilichokitaja zinajua huo tu. Na pale ambapo watumishi wote wanatumia nywila moja ya kundi, huku kila mmoja akitoka kwenye anwani isiyojulikana kabla, inayotumika ni njia ya mkato ya utaratibu huo, yenye jumbe tatu badala ya sita.

Katika njia hiyo ya mkato, lango linamjibu anayebisha kwa kumtumia alama ya kihesabu iliyotengenezwa kutokana na nywila ya kundi. Linaituma kabla mgeni hajathibitisha kuwa ni nani. Mtu yeyote kwenye intaneti, akilijua jina la kundi, anaweza kubisha, akaichukua alama hiyo, akaondoka nayo, na akakaa kwake akijaribu nywila mamilioni kwa mamilioni mpaka moja itoe alama inayofanana. Lango lenu hataligusa tena. Kwenye kumbukumbu za lango mtaona hodi moja iliyoshindikana, kama ya mtumishi aliyekatikiwa umeme. Na kama nywila ya kundi ni jina la taasisi likifuatiwa na mwaka, haitamchukua muda.

Mara nyingi hahitaji hata kuhangaika hivyo. Nywila ya kundi imo ndani ya lile faili la .pcf, ambalo limetumwa kwa barua pepe na WhatsApp kwa kila aliyewahi kufanya kazi hapo, pamoja na walioacha kazi. Ukilifungua faili utaona herufi na namba zisizosomeka, ukadhani imefichwa. Lakini programu lazima iweze kuisoma nywila hiyo bila kumuuliza mtu, na kinachosomeka na programu bila siri nyingine kinasomeka na yeyote. Zana za kuifumbua zimekuwa wazi mtandaoni kwa miaka mingi. Cisco yenyewe ilitoa tahadhari kuhusu udhaifu wa nywila za kundi mwaka 2004. Mtu akishaipata nywila hiyo, akikaa kwenye Wi-Fi moja na mtumishi wenu hotelini, anaweza kujifanya yeye ndiye lango. Programu itamwamini, maana anaijua siri ya kundi, na itamkabidhi jina na nywila ya mtumishi. Mtumishi ataona tu kwamba VPN imegoma, atajaribu tena baadaye, itakubali, naye ataendelea na kazi.

Juu ya hapo kuna nguvu ya funguo zenyewe. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani na Ufaransa walichapisha utafiti uliojulikana kama Logjam. Walionesha kwamba sehemu kubwa ya malango inategemea namba tasa ileile moja ya biti 1024 katika kutengeneza funguo, na kwamba mwenye uwezo wa dola kubwa, akiishughulikia namba hiyo moja, angeweza kusoma mawasiliano ya asilimia 66 ya malango ya VPN. Mipangilio ya zamani imesimama juu ya namba za ukubwa huo, mara nyingi pamoja na usimbaji wa 3DES, ambao taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, hairuhusu tena kutumika kusimba data mpya tangu mwisho wa 2023. Aprili mwaka huohuo wa 2023, IETF, chombo kinachoandika taratibu za intaneti, kikatangaza rasmi kwamba IKEv1 imestaafishwa.

Wakuu wa idara, hapa naomba mnisikilize kwa makini hata kama mengine yamewapita. Lango linalotaka kuunganishwa na programu ya zamani lazima likubali kiwango cha chini cha ulinzi. Na likishakikubali kwa mtumishi mmoja, limekikubali kwa yeyote atakayebisha. Mnaweza kuwa na watumishi mia wenye programu mpya kabisa. Kama yupo mmoja ambaye kwa ajili yake njia ya zamani imeachwa wazi, basi njia ya zamani iko wazi.

Mei 2021, kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani ilisimamisha bomba lake la mafuta, bomba la takriban kilomita 8,850 linalotoka Texas hadi New York na kubeba karibu asilimia 45 ya mafuta ya pwani ya mashariki ya nchi ile. Vituo vya mafuta vikakauka, watu wakapanga foleni. Mwezi uliofuata mkurugenzi mtendaji wake, Joseph Blount, alieleza mbele ya Seneti kwamba wahalifu waliingia kupitia njia ya VPN ya zamani ambayo haikutakiwa kuwa inatumika, na ambayo haikuwa na uthibitisho wa hatua mbili. Ilihitaji nywila tu. Kampuni ililipa bitcoin 75, zilizokuwa na thamani ya dola milioni 4.4 hivi, na baadaye Wizara ya Sheria ya Marekani ilifanikiwa kurejesha sehemu. Kampuni ile haikukosa fedha wala wataalamu. Ilikuwa na VPN mpya, na ya zamani haikuwa imezimwa.

Nisieleweke vibaya kuhusu programu za watu wengine. Programu haiwi mbaya kwa kuwa haikutoka kwa mwenye lango. OpenConnect, iliyoanzishwa na David Woodhouse karibu mwaka 2008 kwa ajili ya watu wa Linux, inatunzwa mpaka leo, msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuukagua, na inaelewana na malango ya Cisco, Juniper, Palo Alto, Fortinet na F5. strongSwan, programu nyingine ya VPN yenye msimbo wazi, iko hivyo. Ningemshauri mtu atumie OpenConnect ya leo kuliko programu rasmi ya mtengenezaji ambayo haijaguswa tangu 2014. Maswali ya kuuliza ni haya: nani anaitunza leo, toleo la mwisho ni la lini, na kosa likigunduliwa kesho, marekebisho yatamfikiaje mtumishi aliye Kigoma? Kama ofisa TEHAMA hawezi kuyajibu, programu hiyo haina mwenyewe, hata kama inaunganisha vizuri.

Wenzangu wa TEHAMA, kazi ianzie kwenye lango. Mkianzia kwenye laptopu mtamnyang'anya mtumishi programu ya zamani na hamtakuwa na cha kumpa, naye ataitafuta tena kwa rafiki yake. Lango lenyewe linaandika nani ameunganisha, kwa utaratibu gani na kwa usimbaji upi. Vuteni kumbukumbu hizo kwa mwezi mzima, na uwe mwezi wenye siku za kufunga hesabu ndani yake, kwa sababu kuna watu wanaounganisha siku hizo tu. Mtapata orodha ya kweli, ambayo naamini itawashangaza baadhi yenu. Mtakuta pia majina ya watu waliohama na wazabuni ambao mikataba yao imekwisha. Hao ni wa kufungiwa siku hiyohiyo. Taasisi zilizowasilisha taarifa za VPN zao kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, baada ya tangazo la Oktoba 2023 zina pa kuanzia, maana tangazo lile lilitaka VPN zitajwe pamoja na anwani zake za IP.

Kinachofuata ni habari njema. IKEv2, iliyotoka mwaka 2005, imo ndani ya Windows tangu Windows 7. Imo kwenye Mac na iPhone, na imo kwenye Android kuanzia toleo la 11. Mtumishi hahitaji kupakua chochote. Anahitaji mipangilio na cheti cha kidijitali kutoka kwenu, na nywila ya kundi inakufa. Windows ikisasishwa, na VPN yake inasasishwa. Lakini angalieni jambo moja, nimelikuta limesahaulika mahali pengi: Windows ikiachwa na mipangilio yake ya kuzaliwa, IKEv2 yake bado inapendekeza kundi la namba tasa la biti 1024, lile la utafiti wa Logjam. Tumieni PowerShell, amri ya Set-VpnConnectionIPsecConfiguration, muweke kundi la 14 au la juu yake pamoja na usimbaji wa AES wa biti 256. Vinginevyo mtakuwa mmebadilisha jina la utaratibu na udhaifu umebaki.

Kama lango mlilonalo haliwezi IKEv2, msisubiri zabuni kubwa ndipo muanze. Seva moja ya kawaida ya Linux yenye strongSwan inatosha kwa taasisi ndogo. WireGuard, programu nyingine ya VPN, ya Jason Donenfeld, imeingia kwenye kiini cha Linux tangu Machi 2020, nayo ni nyepesi na ya bure. Ina mipaka yake: haina majina ya watumiaji wala uthibitisho wa hatua mbili ndani yake, kwa hiyo utunzaji wa funguo unabaki mikononi mwenu. Mahali penye ofisa mmoja wa TEHAMA anayebeba kila kitu, hilo lipimwe.

Lango jipya liende sambamba na la zamani kwa muda, watu wahamishwe idara kwa idara, na msiguse idara ya fedha kati ya tarehe 25 na tarehe 5. Ila la zamani liwe na tarehe ya kuzimwa tangu siku ya kwanza, iliyoandikwa na kusainiwa. Njia ya zamani isiyo na tarehe ya kuzimwa haizimwi.

Wapo hapa wanaofanya kazi za mashirika yaliyo nje ya nchi, lango liko Ulaya au Marekani, na wanaambiwa watumie programu fulani ya mwaka 2013 kwa sababu "ndiyo inayofanya kazi". Ninyi hamna sauti kwenye lango lile, lakini kalamu mnayo. Andikeni barua pepe, mtaje jina la programu, toleo lake na mwaka wake, muulize kama wana njia ya IKEv2 au programu inayotunzwa. Wakijibu kwamba hawana, tumieni kompyuta iliyotengwa kwa kazi hiyo peke yake, isiyo na benki yenu wala picha za watoto. Na ile barua muitunze. Siku likitokea la kutokea, ionekane nani alijua na lini.

Namalizia na wakuu wa idara na wenye mafungu. Lango la VPN huingizwa kwenye bajeti ya maendeleo mara moja, likanunuliwa, likazinduliwa, basi. Matengenezo yake yanatakiwa yawe kwenye matumizi ya kawaida kila mwaka wa fedha, kuanzia Julai mpaka Juni, na huko ndiko yanakokatwa kwanza, kwa sababu mwaka jana hayakutumika na hakuna kilichoharibika. Nawasihi msiyakate. Kwenye nyaraka za zabuni wekeni sharti kwamba mzabuni ataje kwa maandishi tarehe ya mwisho ya msaada wa kifaa, na kwamba programu ya mtumishi itafanya kazi kwenye matoleo ya Windows, Mac na Android yatakayokuwa yanatumika kwa muda wote wa mkataba, si yale ya siku ya kusaini. Sharti hilo ni aya moja tu, na lingekuwepo mwaka 2009 mhasibu yule asingefungua rejista.

Sheria nayo imekwisha kusema. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa za watu azilinde. Wenzetu wa Kenya wana sheria yao ya mwaka 2019. Mishahara, namba za simu, taarifa za wagonjwa, vyote vinapita kwenye VPN hizi. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikija kuuliza mlizilinda vipi, jibu kwamba mtumishi aliipakua programu mwenyewe halitakubalika, na halipaswi kukubalika. Alipakua kwa sababu alikuwa na kazi yenu ya kufanya.

Ndugu Mwenyekiti, ninalo ombi moja kwa kikao hiki. Kila taasisi iliyopo humu iandike tarehe ambayo IKEv1 itazimwa kwenye lango lake, na jina la cheo, si la mtu, chenye wajibu wa kuizima. Karatasi iko mezani kwa katibu, na ningependa tarehe hizo ziingie kwenye kumbukumbu za kikao ili mwakani tuzisome hapahapa. Nipo tayari kwa maswali, na ningeomba wahasibu wapewe nafasi ya kwanza.

Ahsanteni sana.